Dalili za awali za kukoma hedhi

Dalili za awali za kukoma hedhi ni mabadiliko yanayojitokeza katika mwili wa mwanamke miaka kadhaa kabla ya damu yake ya mwezi kukatika kabisa. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kipindi cha mpito kinachotangulia huchukua kwa kawaida miaka 4 hivi, ingawa kwa wengine ni miezi michache tu na kwa wengine hufikia miaka 10. Mara nyingi dalili ya kwanza ni hedhi yenyewe kubadili mpangilio. Nyingine ni joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatika, ukavu ukeni, maumivu ya viungo, usahaulifu na hasira za haraka.

Makala hii inaeleza namna ya kuzitambua dalili hizo, na mifano yake inatoka hasa katika mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Katavi ni mkoa wenye uzazi wa juu, na malaria ni ugonjwa wa kila siku. Mwanamke wa miaka 44 asipoona siku zake huko ana sababu nyingi za kufikiria kabla ya kufika kwenye kukoma hedhi, na baadhi ya sababu hizo ni za hatari.

Jina na maana

Kwa Kiswahili hali hii huitwa kukoma hedhi, ukomo wa hedhi au komahedhi, na hospitalini husikika pia neno menopozi. Katika mazungumzo ya kawaida wanawake husema tu kwamba hawaoni tena siku zao, au kwamba hawaendi tena mwezini. Mkoani Katavi huzungumzwa lugha nyingi, kama vile Kipimbwe, Kikonongo, Kibende, Kifipa na Kisukuma, pamoja na Kirundi katika makazi ya Katumba na Mishamo. Hata hivyo mazungumzo ya zahanati kwa kawaida huishia kwenye neno moja la Kiswahili, yaani "siku". Neno hilo lina heshima yake, lakini halimwambii mhudumu kama siku zimechelewa, zimepungua, zimezidi au zimekatika. Inambidi aulize.

Kitabibu, hedhi huhesabiwa kuwa imekoma zikipita miezi 12 mfululizo bila damu, na bila sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Maana yake ni kwamba kukoma hedhi hujulikana kwa kutazama nyuma. Siku damu ya mwisho inapotoka, hakuna anayeweza kujua kwamba ni ya mwisho. Ndiyo maana dalili za awali zina umuhimu: ndizo pekee zinazoonekana wakati jambo lenyewe bado linaendelea.

Kinachotokea mwilini

Msichana huzaliwa akiwa na vifuko vya mayai kati ya milioni 1 na 2 katika ovari zake mbili. Anapobalehe hubaki laki 3 hadi 4, na hedhi inapokaribia kukoma hubaki kama 1,000 tu. Mayai yanayopevuka na kutoka katika maisha yote ya uzazi hayazidi sana 400 au 500. Yaliyobaki hufa yenyewe polepole, mwanamke awe anazaa au hazai.

Jambo hili linafaa kusemwa wazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba mwanamke aliyezaa watoto 9 au 10 "amemaliza mayai" na kwa hiyo hedhi yake itakoma mapema. Sivyo. Tafiti nyingi zinaonyesha kinyume chake: wanawake ambao hawakuzaa kabisa ndio ambao kwa wastani hukoma hedhi mapema kidogo. Uvutaji wa sigara huharakisha kukoma kwa mwaka mmoja au miwili.

Vifuko vinapopungua, ovari hutoa homoni za estrojeni na projesteroni bila utaratibu. Estrojeni haishuki kama maji yanavyokauka kisimani. Hupanda na kushuka, mwezi huu nyingi na mwezi ujao kidogo. Hivyo dalili za kipindi cha mpito nazo huja na kuondoka. Mwanamke anaweza kuteseka miezi mitatu, akapata nafuu nusu mwaka, kisha akaanza tena.

Umri na neno "bibi"

Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16, asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Aliyezaa akiwa na miaka 17, na bintiye naye akazaa katika umri huohuo, huwa bibi akiwa na miaka 34 au 35. Ovari zake bado zina miaka 10 au zaidi ya kazi. Mama na binti yake kunyonyesha kwa wakati mmoja si ajabu huko.

Kwa hiyo kuitwa bibi hakuonyeshi kwamba uzazi umekaribia mwisho, ingawa jamii humtazama mwanamke huyo kama mtu mzima aliyeshamaliza. Huambiwa "sasa umezeeka" akiwa na miaka 38 hedhi yake ikivurugika, na anakubali. Hedhi kukatika kabla ya miaka 40 si uzee. Ni hali isiyo ya kawaida inayoitwa kushindwa mapema kwa ovari. Inahitaji uchunguzi, na kwa kawaida hutibiwa kwa homoni ili kulinda mifupa na moyo. Ikikoma kati ya 40 na 45 huitwa kukoma mapema, na hapo pia ni vema sababu itafutwe.

Hedhi inayobadilika

Mwaka 2001 wataalamu waliokutana Park City, Utah, nchini Marekani, walikubaliana hatua za kipindi cha mpito, na mpango wao ukapitiwa upya mwaka 2011. Kipimo chao hakihitaji maabara. Kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha. Hatua ya kwanza ya mpito ni pale mizunguko inapotofautiana kwa siku 7 au zaidi mara kwa mara. Mfano ni mwanamke aliyezoea siku 28, ambaye sasa anaona 24, kisha 33, kisha 26. Hatua ya pili ni pale zinapopita siku 60 au zaidi bila damu. Akifika hapo, kwa kawaida imebaki miaka 1 hadi 3 kabla ya hedhi ya mwisho.

Mwanzoni mizunguko mara nyingi hufupika. Wengi hawalijui hili, kwa kuwa hutarajia hedhi "ipungue". Damu nayo inaweza kuwa nyingi kuliko zamani, kwa sababu mwezi ambao yai halikupevuka utando wa mji wa mimba huendelea kunenepa, kisha hubomoka kwa wingi. Mwanamke mwenye malaria za mara kwa mara, minyoo, au aliyezaa kwa kufuatana huenda tayari ana upungufu wa damu, hivyo hedhi nzito za miaka ya arobaini humwangusha haraka. Kizunguzungu na kuhema akibeba ndoo ya maji au mzigo wa mpunga kutoka shambani visichukuliwe kuwa dalili za umri kabla damu haijapimwa.

Joto la ghafla na jasho la usiku

Joto hili huanza kifuani au shingoni, hupanda usoni, hudumu dakika 1 hadi 5, kisha humwacha mtu na jasho na wakati mwingine baridi ya kutetemeka. Moyo unaweza kwenda mbio. Husababishwa na sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili: estrojeni inapoyumba, sehemu hiyo huona joto dogo kuwa kubwa na kuamuru mwili ujipoze. Utafiti wa muda mrefu wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba hali hiyo hudumu kwa wastani zaidi ya miaka 7, kwa wengi ikianza kabla hedhi haijakoma.

Mjini Mpanda mwezi Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, kila mtu anatoka jasho. Joto la ghafla hufichika ndani ya joto la msimu, na mwanamke huligundua pale tu anapoona kwamba yeye anafungua dirisha wakati wenzake chumbani wanajifunika.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni malaria. Joto, jasho, kutetemeka na uchovu: mtu akieleza hivyo, wengi watamwambia akanunue dawa ya mseto. Tofauti ipo na inapimika. Homa ya malaria huonekana kwenye kipimajoto na hukaa kwa saa kadhaa. Joto la kukoma hedhi hupita kwa dakika na halipandishi kipimajoto kufikia homa. Kipimo cha haraka cha malaria cha kuchoma kidole humaliza ubishi. Mwanamke wa umri wa miaka 46 aliyemeza dozi tatu za malaria ndani ya miezi minne, bila kupimwa hata mara moja, anafaa kuulizwa kuhusu hedhi yake. Kanuni hiyo inafanya kazi pande zote mbili: aliye katika mpito naye huugua malaria, kwa hiyo kila homa ipimwe.

Jasho la usiku lina wasiwasi wake. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda au homa za jioni, kinachotafutwa kwanza ni kifua kikuu, na kipimo cha VVU kifanyike. Kukoma hedhi hakukondeshi mtu.

Dalili ambazo hazitajwi

Ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo wa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi ni dalili za estrojeni kupungua, na tofauti na joto la ghafla haziishi zenyewe kadiri miaka inavyopita. Wachache huzisema. Mwanamke anapoanza kumkwepa mumewe kwa sababu ya maumivu, nyumbani hutafsiriwa kuwa amechoka naye au ana mtu mwingine, na katika ndoa ya wake wengi hali hiyo inaweza kumgharimu nafasi yake. Vilainishi vya maji husaidia, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ni tiba yenye dozi ndogo sana. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, au kuweka unga na majani "ili kurudisha hali", huongeza michubuko.

Usingizi wa kukatika, hasira, huzuni na usahaulifu ni dalili za kweli za mpito, lakini ndizo zinazotambulika kwa shida zaidi, kwa maana mwanamke wa umri huo ana mengi ya kumnyima usingizi. Aliyewahi kuugua sonona, hasa baada ya kujifungua, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Viungo kuuma asubuhi navyo ni kawaida. Kwa mkulima wa tumbaku au mpunga ni rahisi kusingizia jembe, na mara nyingi jembe nalo limo.

Mambo yanayofanana na kukoma hedhi

Mimba ni ya kwanza. Katika mpito yai bado hupevuka, ingawa bila mpangilio, na mimba za miaka ya arobaini zipo nyingi katika mkoa wenye uzazi kama wa Katavi. Ni mimba zenye hatari zaidi za presha, kisukari na kutoka damu nyingi, hasa kwa aliyezaa mara 5 au zaidi. Wapo waliodhani hedhi imekoma, wakaanza kliniki mtoto ameshacheza tumboni. Kipimo cha mimba cha mkojo ni rahisi na kinapatikana hata katika maduka ya dawa, na ndicho kinachostahili kutangulia kila kitu kwa mwanamke yeyote mwenye mji wa mimba ambaye siku zake zimepita.

Kunyonyesha huzuia hedhi kwa miezi mingi, na huleta pia ukavu ukeni na jasho. Mwenye miaka 43 na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kujua alipo mpaka hedhi irudi au mtoto aachishwe.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huondoa hedhi kwa wanawake wengi, na vipandikizi vya mkononi huivuruga. Dalili kuu ya mpito huwa imefunikwa. Anayetumia njia hizi huongozwa na umri na joto la ghafla, si kalenda. Baada ya kuacha sindano hedhi huweza kuchelewa kurudi kwa mwaka mzima, na ucheleweshaji huo si kukoma.

Aliyeondolewa mji wa mimba, kwa mfano baada ya kupasuka wakati wa uchungu, haoni tena damu, lakini kama ovari ziliachwa homoni zake zinaendelea hadi umri wa kawaida. Ni vema amwulize daktari kilichoondolewa na kilichobaki, na jibu liandikwe kwenye daftari lake. Ovari zote mbili zikiondolewa, kukoma hedhi huja mara moja na dalili huwa kali.

Hali moja inastahili kutajwa kwa kirefu kwa sababu hufuata uzazi wenye damu nyingi. Mwanamke aliyevuja damu kupita kiasi akijifungua anaweza kupoteza tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwa kukosa damu. Dalili yake ya kwanza ni maziwa kutotoka. Kisha hedhi hairudi, nywele za sehemu za siri na makwapa hupungua, mtu huchoka, huhisi baridi, presha hushuka, na ugonjwa mdogo kama kuhara humlaza kabisa. Watu husema amekoma hedhi mapema kwa sababu ya uzazi mgumu. Kwa kweli amekosa homoni kadhaa, mojawapo ikiwa kortisoli, na bila dawa anaweza kufa ghafla. Kinachotofautisha ni kwamba kwa kawaida hana joto la ghafla, na yote yalianzia kwenye uzazi ule. Inaitwa dalili za Sheehan, na tiba yake ni vidonge.

Ugonjwa wa tezi ya shingo, ambao nao huvuruga hedhi, moyo, usingizi na joto la mwili, hutafutwa kwa kipimo cha damu.

Damu ambayo haifai kungojewa

Kosa baya zaidi ni kuita kila damu ya miaka hii "ndiyo zinaishaishia". Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mizunguko, uchafu wenye harufu au rangi ya damu, hedhi inayolazimisha kubadilisha kitambaa au pedi kila saa, na damu yoyote, hata tone, baada ya miezi 12 ya ukavu: yote haya yanahitaji mwanamke apimwe kwa kuangaliwa, si kwa maelezo ya mdomo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na inapoanza kutoa damu mara nyingi mgonjwa yuko katika umri huuhuu.

Uchunguzi wa mlango wa kizazi hufanywa kwa kupaka asidi ya siki iliyozimuliwa na kuangalia kwa macho sehemu zinazogeuka nyeupe. Hauumi wala hauchukui muda. Lina jambo lake ambalo halijulikani sana: baada ya hedhi kukoma, eneo linalochunguzwa hujirudisha ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na kipimo hiki hakioni vizuri tena. Miaka ya mpito ndiyo nafasi ya mwisho nzuri ya kukitumia. Baadaye kipimo kinachofaa ni cha virusi vya HPV. Anayeishi na VVU huchunguzwa mara nyingi zaidi. Chanjo ya HPV iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 ni ya wasichana, kwa hiyo haikuwagusa mama zao.

Utambuzi

Kwa mwanamke mwenye miaka zaidi ya 45 mwenye hedhi inayovurugika na joto la ghafla, miongozo ya kitabibu, ukiwemo wa Uingereza, haihitaji kipimo cha homoni. Homoni za mpito hubadilika wiki hadi wiki, na jibu la leo huweza kupingana na la mwezi ujao. Mtu asilipe nauli kutoka Karema au Inyonga hadi Mpanda kwa ajili ya kipimo hicho tu. Zahanati inaweza kupima mimba, malaria, wingi wa damu, presha na VVU, na hivyo ndivyo vipimo vinavyobadilisha uamuzi. Wanaohitaji rufaa, kwa mfano hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, ni walio chini ya miaka 45, wenye damu za aina zilizotajwa juu, na wenye dalili za tezi.

Kinachomsaidia zaidi mhudumu ni tarehe. Mwanamke asiyeandika anaweza kuhesabu kwa matukio: damu ya mwisho ilikuwa kabla ya kupalilia, au wiki ya mnada fulani. Njia hiyo inatosha kujua kama siku 60 zimepita.

Uzazi wa mpango katika mpito

Asiyetaka mimba huendelea na kinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho kama ilikoma kabla ya miaka 50, au mwaka 1 kama ilikoma baada ya hapo. Kondomu hubaki na kazi yake ya kuzuia VVU na magonjwa ya zinaa. Ukavu huongeza michubuko na hivyo uwezekano wa kuambukizwa.

Matibabu

Wengi hawahitaji dawa. Wanaoteseka kwa joto na kukosa usingizi husaidiwa zaidi na estrojeni, ikiambatana na projesteroni kwa mwenye mji wa mimba. Haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu kwenye mishipa, au mwenye damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Hofu kubwa ya dawa hizi ilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliokatizwa mwaka 2002, ambao wanawake wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa wanaoanza kabla ya 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hatari ni ndogo zaidi. Zipo pia dawa zisizo za homoni, ambazo daktari huzichagua kulingana na mgonjwa.

Mifupa huanza kupoteza madini haraka miaka ya mwisho ya mpito. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani hutoa kalsiamu, na kazi za kutembea na kubeba huimarisha mifupa ilimradi mgongo haupindwi vibaya.

Pengo la takwimu

Utafiti wa demografia na afya huhoji wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika mahesabu yake, mwanamke wa miaka 30 hadi 49 huhesabiwa kuwa amekoma hedhi kama hana mimba, hayuko katika kipindi cha kukosa hedhi baada ya kujifungua, na hajaona damu kwa miezi 6 au zaidi. Kipimo hicho ni cha takwimu, hakilingani na miezi 12 ya kitabibu, na huishia umri ambao nusu ya wanawake bado hawajafika. Katika sensa ya 2022 Katavi ilikuwa na watu 1,152,958, zaidi ya maradufu ya 564,604 waliohesabiwa mwaka 2012, mwaka ambao mkoa ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Rukwa. Wanawake wake waliopita miaka 49 wamo katika sensa, lakini hakuna anayewauliza kuhusu hedhi.